Mashahidi Wawili wa Taa za Bampa

"Nasema tena, na mtaa mzima usikie! Hizo taa zako zimeota pembe. Jana alfajiri zimenipiga usoni nikadhani nimeshakufa, nimefika kwenye hesabu, nasubiri kuitwa jina!"

"Ungeitwa jina foleni ingesimama, maana umbea wako peke yake kuusoma ni wiki nzima. Sikiliza, Mshonaji. Taa hazimuliki. Ha-zi-mu-li-ki! Ningekuwa na taa za kufika dirishani kwako, huyo fundi ningemwita wa nini?"

"Hazimuliki? Basi aliyenipofua ni nani, kimulimuli?"

Kachero alisimama getini na sanduku lake la vifaa, akaacha maneno yaendelee. Ugomvi wa majirani ni ushahidi unaotolewa bure, na yeye hakuwahi kukatiza kitu cha bure. Alikuwa fundi wa umeme wa magari, mwanamke wa makamo mwenye ovaroli iliyofuliwa mpaka ikasahau rangi yake. Jina la Kachero alibandikwa na mafundi wenzake, kwa sababu hakubadilisha kifaa kabla hajakihoji. Wenzake walikuwa wakibadilisha kwanza, kisha wanauliza.

Upande huu wa ukuta alisimama Mzee Gia, dereva mstaafu, aliyemaliza ujana wake akiwapeleka madaktari na wapima ardhi kule ambako barabara hukata tamaa. Upande wa pili kilionekana kichwa tu, na utepe wa kupimia uliozungushwa shingoni. Mshonaji alikuwa mfupi, kwa hiyo bila shaka chini yake kulikuwa na ndoo.

"Shikamoo, Mzee," Kachero akasema hatimaye.

"Marahaba, mwanangu. Afadhali umekuja. Njoo uamue kesi."

"Siamui mimi. Nauliza tu."

"Muulize vizuri!" Mshonaji akapaza sauti. "Na akikwambia hawashi alfajiri, mwambie mimi nina macho!"

Kichwa kikashuka. Ndoo ikalia. Baada ya muda mfupi cherehani ikaanza kukereza nyuma ya ukuta, kwa hasira.

Gari lenyewe lilikuwa chini ya kibanda cha mabati, pua yake ikiutazama ukuta wa Mshonaji. Lilikuwa gari la porini la zamani, la umbo la kabati, matairi mapana, kioo cha mbele kilichonyooka kama dirisha la nyumba. Familia ilimwita Punda. Kwenye bampa ya mbele zilifungwa taa mbili za ziada, duara, kubwa kama masufuria ya familia ndogo. Juu kidogo ya ukuta, sawa kabisa na mstari wa taa zile, palikuwa na dirisha lenye pazia.

Kachero aliangalia taa, akaangalia dirisha.

Mke wa Mzee alitoka jikoni na kikombe. Nyuma yake ikatoka harufu ya vitunguu na samaki.

"Chai yako hii hapa, mkono wa kulia," alimwambia mumewe, akaupeleka mkono wake mpaka kwenye kikombe. "Kiti kiko nyuma yako, palepale. Karibu, mwanangu. Umekuja kutuokoa? Mzee huyu halali."

"Mama, shikamoo. Kuna haraka gani?"

Uso wa mama yule ulichanua. "Hujasikia? Binti yetu kajifungua! Kule milimani anakofundisha. Mjukuu wa kwanza. Jumamosi tunakwenda kuwachukua waje wapumzike hapa nyumbani."

"Hongera sana, Mama! Hongera, Mzee!"

"Hongera tutapokea Jumamosi," Mzee Gia akasema. "Ile barabara ya milimani unaisikia tu. Kona zimejikunja kama utumbo, upande mmoja mwamba, upande mwingine hakuna kitu, unaona vilele vya miti chini yako. Ukungu ukishuka jioni, taa za kawaida zinageuka mishumaa. Bila hizi mbili za bampa, hushuki. Na mjukuu wangu hapandi gari la mtu mwingine. Nimeshasema."

"Kashasema," mkewe akarudia, polepole. Alimtazama mumewe kwa muda mrefu kidogo kuliko kawaida, kisha akarudi jikoni.

Kachero akafungua sanduku.

"Zilianza lini kufifia?"

"Tangu mvua zile kubwa zilipokatika."

"Ghafla au kidogo kidogo?"

"Kidogo kidogo. Kama mtu anavuta shuka polepole."

"Zote mbili?"

"Sawasawa. Hakuna iliyomzidi mwenzake."

"Na taa za kawaida?"

Mzee Gia akanywa chai. "Balbu za siku hizi," akasema, "ni za kichovu. Zote."

Kachero alikuwa na msemo wake kwamba taa moja ikifa, mtafute aliye karibu nayo. Taa mbili zikiugua pamoja, mtafute ndugu yao. Ndugu wa taa ni wachache. Kuna betri inayotoa umeme. Kuna fyuzi inayojitoa mhanga mambo yakiharibika. Kuna rilei, yule tarishi: swichi ya kwenye dashibodi ikimwita, yeye ndiye anayefungua mlango ili umeme mkubwa upite kwenda kwenye taa, na kila akifungua hugonga, *tak*. Halafu kuna waya wa hasi, unaofungwa kwenye bodi ili umeme upate njia ya kurudi nyumbani. Waya huo ukishikwa na kutu, taa zote hufifia pamoja, na fundi mvivu huuza balbu mpya.

Alifungua boneti, akaanza na betri. Mita ya kupimia umeme ikasema betri ni nzima, tena ina kiburi.

"Washa taa za bampa, Mzee."

Mzee Gia akaweka kikombe chini, akapapasa mlango, akakaa nyuma ya usukani. *Tak*, ikagonga rilei chini ya dashibodi, karibu na goti lake. Mwanga ukapiga ukuta, ukapanda, ukaingia dirishani.

"Ehee!" Sauti ikatoka ng'ambo. "Fundi, umeona? Umeona sasa?"

"Nimeona, Mama!" Kachero akajibu. Alikuwa amefumba jicho moja.

"Unaona zilivyo hafifu?" Mzee Gia akauliza kutoka garini.

Kachero aliinama na mita yake. Alipima umeme kwenye taa yenyewe, ikiwa inawaka. Ulikuwa pungufu kidogo kuliko wa betri. Akafuata waya wa hasi mpaka chini ya bampa, akakuta boliti imevaa kutu na rangi.

"Nimempata mmoja," akasema.

Alifungua boliti, akasugua chuma kwa msasa mpaka kikang'aa, akafunga upya, akapaka grisi. Kazi ndogo, ya kawaida, na kwa fundi mwingine kesi ingefungwa hapo, watu wakanawa mikono.

"Washa tena."

*Tak.* Mwanga uliotoka safari hii ulikuwa wa kukaanga mayai. Cherehani ikanyamaza. Pazia la Mshonaji likavutwa kwa nguvu mpaka pete zake zikalia.

"Sasa mnanichoma kabisa! Mniunguze basi, nife nipumzike!"

Mzee Gia alikuwa ameshuka. Alisogea mbele ya taa, karibu sana, akainamisha uso.

"Bado," akasema. Sauti yake ilikuwa imeshuka. "Bado hafifu, mwanangu. Afadhali kidogo, lakini bado."

Kachero alisimama na spana mkononi. Mashahidi wawili, taa zilezile, dakika ileile. Mmoja anasema zinaunguza, mwingine anasema hazimuliki. Mita haina jirani wala haina ugomvi na mtu, nayo ilikuwa upande wa Mshonaji.

"Zima, Mzee. Nitazame nyaya."

Hapo ndipo kesi ilipobadilika sura.

Nyaya zilizotoka kwenye rilei zilikuwa zimekatwa na kuungwa upya, si zamani. Kazi ilikuwa imara. Kila kiungo kimesokotwa vizuri, kimefungwa tepu, hakuna kinacholegea. Kila waya ulikuwa unakwenda panapotakiwa. Ila rangi zilikuwa kichekesho. Mwekundu umeungwa na mweusi, mweusi na wa kijani, wa kijani umerudi kwa mwekundu. Hakuna dereva wa zamani anayefanya vile. Wale walifundishwa rangi za nyaya kabla ya kufundishwa breki.

Kisha akaona uzi. Karibu na kila kiungo palikuwa pamefungwa uzi wa kushonea, wenye mafundo. Fundo moja kwenye waya wa betri. Mawili kwenye waya wa hasi. Matatu kwenye waya wa swichi. Uzi wenyewe ulikuwa wa rangi ya waridi, waridi ya kelele, ile inayotiwa kwenye magauni ya watoto.

"Mzee, nani aligusa nyaya hizi?"

"Hakuna."

"Hakuna kabisa?"

"Mimi mwenyewe sijagusa. Nani mwingine aguse?"

Alijibu haraka mno. Kachero akanyoosha mgongo, akafungua kijisanduku cha dashibodi kutafuta fyuzi za akiba. Hakukuta fyuzi. Alikuta balbu, zimeviringishwa kwenye kitambaa. Akazipima moja baada ya nyingine kwa mita. Zote nzima. Zilizokuwa ndani ya taa sasa hivi zilikuwa za nguvu kubwa zaidi, na waya wake ulikuwa umeanza kulainika kwa joto, unanuka plastiki. Mtu alikuwa anatoa balbu nzima na kutia kubwa zaidi, kisha anatoa hizo na kutia kubwa kuliko hizo.

"Nakuja, Mzee. Naazima kitu kwa jirani."

Aliichomoa fyuzi ya taa za bampa, akaitia mfukoni. Ile ya swichi na rilei akaiacha mahali pake. Kisha akatoka getini.

Chumba cha kazi cha Mshonaji kilijaa kama tumbo la mwezi wa tisa. Vitambaa juu ya meza, vitambaa juu ya kiti, wateja wawili juu ya vitambaa, wote wakiongea. Alipoingia fundi wakanyamaza ili wasikie vizuri.

"Mmekuja kuniomba radhi?" Mshonaji akauliza, pini mdomoni.

"Nimekuja na swali. Una uzi wa waridi?"

"Ninao. Wa nini?"

Kachero akatoa mfukoni kipande cha uzi alichokikata kwenye tepu. Wateja wakasogeza shingo.

"Wangu huo," Mshonaji akasema bila kusita. "Mtaa mzima ni mimi tu ninayeutumia. Umeupata wapi?"

"Umefungwa kwenye nyaya za taa za Mzee Gia."

Mteja mmoja akasema "Hee!" Mwenzake akamkanyaga.

"Mama, nisamehe nikuulize," Kachero akaendelea. "Taa zinakukera, hilo tumelisikia wote. Uzi ni wako. Nyaya zimechezewa. Uliruka ukuta?"

Mshonaji akatema pini mkononi. Badala ya kukasirika, akacheka mpaka utepe ukamdondoka shingoni.

"Mimi? Niruke ukuta na magoti haya? Sikiliza, binti, nikupe kisa. Yule mzee alikuja hapa mwenyewe, ana kiburi chake, ananiomba uzi. Uzi mweusi, tafadhali. Nikasema leo nimempata. Nikampa huu wa waridi, nikasubiri aanze kelele, maana mimi na yeye tusipogombana chakula hakishuki. Unajua alifanya nini? Akaushika hivi, akauvuta kupima nguvu, akasema, 'Asante jirani, huu mweusi wako ni imara.' Bila kucheka! Nikaona kweli mzee ana utani wa kiwango cha juu. Nilicheka mpaka sindano ikanichoma."

Alicheka tena kidogo. Wateja wakacheka. Kachero hakucheka.

"Na alfajiri?" akauliza. "Huwa anafanya nini na zile taa?"

"Anawasha. Anazima. Anawasha. Halafu anashuka anasimama mbele yake, pua kwenye kioo, kama anataka kuibusu. Kisha anarudi garini anakaa kimya. Mimi nimevuta pazia, ila pazia lina tundu."

"Kila alfajiri?"

"Tangu habari za mjukuu zilipofika. Na mkewe naye, wacha nikwambie, siku hizi anamdekeza kama mwali. Namuona kwenye dirisha la jikoni, anamchambulia samaki, mwiba mmoja mmoja, kama anamlisha mtoto anayeota meno. Mzima yule! Dereva! Mwanaume aliyekuwa anakula samaki na kichwa chake..."

Akakatika. Mkono wake ulikuwa bado hewani, umeshika mwiba usiokuwepo. Akautazama ule uzi wa waridi kwenye kiganja cha fundi.

"Alisema mweusi," akasema polepole.

"Alisema mweusi," Kachero akaitikia.

Hakuna aliyecheka tena. Mshonaji akakaa juu ya kitambaa cha mteja, na mteja hakulalamika.

Kachero aliporudi, jua lilikuwa limeshuka nyuma ya mabati na kibanda kimeingia kivuli. Mzee Gia alikuwa nyuma ya usukani, mikono juu yake, kama mtu anayesubiri abiria.

"Umepata ulichoazima?"

"Nimepata. Tufanye jaribio la mwisho, Mzee. Mimi nasimama mbele. Nikisema washa, washa, uniambie unaonaje."

"Haya."

Alisimama mbele ya bampa, akaweka kiganja juu ya kioo cha taa ya kushoto.

"Washa."

*Tak*, ikasema rilei, kwa utii wake wote.

Ukuta ulibaki na giza lake. Dirisha la Mshonaji lilibaki na giza lake. Kioo chini ya kiganja cha Kachero kilibaki baridi.

"Zimewaka?" akauliza.

"Zimewaka," Mzee Gia akasema. "Hafifu vilevile. Sasa umeniamini?"

Kachero hakuondoa kiganja mara moja. Kisha akazunguka gari, akafungua mlango wa pili, akapanda, akakaa kando ya mzee. Akauchukua mkono wake kutoka kwenye usukani, akautia kitu kidogo ndani yake.

Vidole vya mzee vikakizungusha. Vilikijua kabla yeye hajakijua.

"Fyuzi," akasema.

"Ya taa za bampa. Ilikuwa mfukoni mwangu tangu nilipokwenda kwa Mshonaji."

Nje, mtu alipita na baiskeli inayolia mnyororo. Mzee Gia alisikiliza mpaka mlio ukaisha.

"Rilei ndiyo iliyonisaliti," akasema.

"Haikukusaliti. Ilikuwa inakuficha. Mimi ndiye nimekuja kuiharibia."

Mzee akacheka puani, cheko fupi lisilo na furaha. "Unajua, nyaya zile niliziunga kwa vidole tu. Uzuri wa uzi ni kwamba fundo halihitaji mwanga. Nikasema, nikitia balbu kubwa itatosha. Nikatia. Ukungu ukasogea nyuma siku mbili tatu, ukarudi. Nikatia kubwa zaidi."

"Niangalie, Mzee."

Aligeuka. Kachero akawasha tochi yake ndogo, ya kutazamia chini ya dashibodi, akaipitisha kwa upole kando ya uso wake. Katikati ya kila mboni palikuwa na weupe, kama tone la maziwa lililoanguka kwenye chai nyeusi likagoma kuchanganyika.

"Ni mtoto wa jicho," akasema. "Macho yote mawili. Mama yangu alikuwa na ugonjwa huo. Alifanyiwa upasuaji hospitali ya macho. Walipomfungua bandeji aliniangalia, akasema, 'Mwanangu, kumbe umezeeka hivi!' Wiki nzima sikuongea naye."

Safari hii mzee alicheka kidogo kweli. Halafu akafuta uso kwa kiganja, juu mpaka chini.

"Nitakwenda huko. Lakini baada ya Jumamosi. Barabara ile sihitaji kuiona, mwanangu, naijua kwa makalio. Kila kona, kila shimo."

"Na mbuzi akivuka, naye unamjua kwa makalio?"

Mzee akaizungusha ile fyuzi.

"Na mawe yaliyoporomoka jana? Na lori lililozimika kwenye kona bila taa?"

"Usiendelee."

"Naendelea kidogo tu. Nyuma atakaa nani, Mzee?"

Mkono wa mzee ulikuwa umeifumba ile fyuzi mpaka viungo vya vidole vimepauka. Kutoka jikoni ilisikika sufuria ikifunikwa.

"Maisha yangu yote," akasema, "watu wamelala kwenye gari hili. Madaktari, wapima ardhi, wake za watu, wagonjwa. Wanapanda wananiuliza tutafika, nasema tutafika, wanalala. Huyo mtoto mmoja tu ndiye nilitaka alale nikiwa mimi nimeshika usukani. Sikuomba kingine."

Kachero aliitazama dashibodi ile ya zamani, chuma tupu, iliyong'arishwa na viganja.

"Umeshapanda mlima ule?" mzee akauliza ghafla.

"Sijawahi."

"Unajua kuendesha hili? Klachi yake nzito kama dhambi."

"Nimeendesha mazito kuliko Punda. Lakini barabara siijui. Nitahitaji mtu kando yangu wa kuniambia kona kabla sijaifikia. Mimi nitoe macho, wewe utoe barabara."

"Na mtoto abebwe na nani?"

"Na wewe. Mikono yako haina ukungu."

Mzee Gia akaifungua ile ngumi, akamrudishia fyuzi.

"Utamwambia mke wangu?"

"Mimi nimeitwa kwa taa. Taa nitazitolea ripoti. Mengine kesi ni yako."

Akashuka, akamaliza kazi kabla mwanga wa jioni haujakata kabisa. Alitoa balbu kubwa, akarudisha zile nzima za mwanzo. Waya uliolainika akaukata, akaweka mpya. Waya wa swichi akauhamisha, ukafuata taa kali za gari, ili zile za bampa zisiweze kuwaka gari likiwa limelala. Mwisho akalegeza boliti za taa, akaziinamisha mpaka mwanga ukashuka kutoka dirishani, ukatua chini ya ukuta, mahali ambapo barabara ingekuwa. Mafundo ya uzi wa waridi hakuyafungua. Kila kiungo kipya alikifungia fundo lake palepale, moja, mawili, matatu.

Mzee Gia alikuja nyuma yake, akapitisha vidole juu ya nyaya, polepole, mpaka vikafika kwenye uzi. Akayahesabu kwa kidole gumba. Akageuka, akauelekea ukuta mkono mmoja mbele, mpaka kiganja kikagusa tofali.

"Mshonaji!"

Cherehani haikuwa inalia. Haikuwa imelia tangu Kachero alipotoka kule.

"Nipo," sauti ikajibu, karibu kuliko ilivyotarajiwa. Kwa hakika ilikuwa imesimama pale ukutani muda mrefu, tena bila ndoo.

"Ule uzi ulionipa. Ulikuwa rangi gani?"

"Mweusi, jirani. Si uliomba mweusi?"

"Acha uongo, hukuzaliwa nao, ulizaliwa na umbea tu. Rangi gani?"

"Waridi."

"Waridi." Mzee Gia akatikisa kichwa. "Punda wangu kavaa waridi. Nisamehe kwa zile taa. Sizioni, jirani. Na wewe sikuoni, nasikia kelele tu. Macho yameniaga."

Aliyasema kwa sauti ileile ya kugombana, sauti ya kufika barabarani. Mlangoni pa jikoni mkewe alikuwa amesimama na sahani, kitambaa begani. Kachero alipomwona akaanza kufuta spana ambayo ilikuwa tayari safi.

"Mke wangu amesikia?" mzee akauliza, bila kugeuka.

"Nimesikia." Alikuja mpaka alipo mumewe, akaisogeza sahani karibu na pua yake. "Hii ni yako. Haina mwiba. Haijakuwa na mwiba tangu mvua zile."

Mzee Gia akageuka kuelekea sauti.

"Kumbe ulijua."

"Unapishana na mlango wako mwenyewe, baba, nisijue? Nilikuwa nakusubiri. Nilisema nitasubiri mpaka Ijumaa, ikifika Ijumaa nauficha ufunguo wa gari kwenye unga."

"Kwenye unga!"

"Uko huko tayari. Ulionao mfukoni ni wa kabati."

Mzee akaingiza mkono mfukoni, akapapasa meno ya ufunguo, akaanza kucheka mpaka mkewe akamshika kiwiko. Ng'ambo ya ukuta mtu alikuwa anapenga kamasi kwa sauti ya tarumbeta.

"Unalia nini wewe?" mama akamwambia ukuta. "Utailowesha nguo ya mtu. Acha kusimama huko kama mwizi, pitia getini kama watu, na hao wateja wako waje pia, nawasikia wanavyopumua. Na wewe Kachero, weka chini hiyo spana, umeifuta mpaka imechoka. Maji ya kunawa yako hapo mlangoni. Ingieni ndani tule, chakula kinapoa."